Aliyeumia Kichwa Asirudi Uwanjani

Tunaomba kusema neno moja juu ya mpira wa kalasi na kalasi, mbele mashindano ya muhula huu hayajakwisha. Wengine watatukasirikia, zaidi wale wa kalasi yetu wenyewe. Tutavumilia.

Sheria yetu ya Jumamosi munaijua wote. Kila kalasi inaandika majina 14: watu 11 wanaingia, 3 wanangoja. Wale 3 wakiisha kuingia, basi, hakuna mwingine. Atakayeumia aumie, kalasi itacheza watu 10. (Dada zetu wa mpira wa mikono wana raha: wanaingia na kutoka wakitaka, hakuna anayehesabu.)

Muhula uliopita mlinzi mmoja wa kalasi yetu aligongana kichwa kwa kichwa na mshambuliaji, kwenye kona. Alianguka kama mfuko wa mihogo. Tulikuwa tumekwisha kuingiza watu 3, nasi tulikuwa tunaongoza kwa bao 1. Wakamwangia maji. Akasimama, akasema: "Niko muzima." Mwamuzi, mwanafunzi kama sisi, akamtazama kidogo, akapiga filimbi. Na sisi, kapita wa shule, tulifanya nini? Tulikuwa kando ya mstari tukipiga kelele: "Rudi, ndugu, imebaki dakika kumi tu!" Akarudi. Nyuma kidogo akamuuliza mwenzake: "Leo tunacheza na nani?" Watu wakacheka. Sisi pia tulicheka.

Ile usiku alitapika ndani ya enterna mpaka Mama wa dispensari akaitwa. Majuma mawili hakuweza kusoma ukurasa mmoja bila kichwa kumuuma. Naye yuko mwaka wa sita, na egzame ya Eta haingoji mtu.

Tulipoanza kuulizauliza, tukakuta swali lake lilikwisha kuulizwa mahali pakubwa. Katika finali ya Kombe la Dunia, tarehe 13 Julai 2014 huko Rio de Janeiro, Mjerumani Christoph Kramer aligongwa kichwani mchezo ukiwa bado mpya. Akaendelea kucheza karibu robo ya saa. Kisha akamuuliza mwamuzi, Mwitalia Nicola Rizzoli, kama mchezo ule ndio finali! Akatolewa dakika ya 31. Angalieni vizuri: watu wa kuingia walikuwako, waganga walikuwako, na bado mtu yule alikimbia robo ya saa bila kujua yuko wapi. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia: toka.

Wazee watatujibu kwa jina la Beckenbauer. Mwaka wa 1970, huko Mexico, bega lake lilichomoka katika nusu-finali na Italia, na Wajerumani walikuwa wamekwisha kubadilisha watu 2, ndiyo ilikuwa mwisho wa sheria wakati ule. Alifungwa mkono kifuani, akacheza mpaka filimbi ya mwisho, Italia ikashinda 4-3. Tunamsifu sisi pia. Lakini bega si kichwa. Mwenye bega bovu anajua linauma, anaweza kuchagua mwenyewe. Mwenye kichwa kilichogongwa anachagua kwa kichwa kile kile kilichogongwa. "Niko muzima" yake haina kazi.

Hata watu wa kriketi, mchezo usiojulikana sana kwetu ingawa jirani zetu wa Uganda wanaucheza, wamelikubali neno hili. Wao walikuwa wakali sana: mtu akiumia, mwingine aliweza kumdakia mipira tu, si kupiga wala kurusha. Juu ya mguu na bega walibishana sana mwaka wa 2025, wakati Mwingereza Chris Woakes alipoingia kupiga huko London na bega limechomoka, mkono umefungwa ndani ya sweta, na India ikashinda kwa mikimbio 6. Lakini juu ya kichwa waliisha kuamua tangu 2019: anaingia mtu mwingine, anacheza kazi yote. Na sheria za mpira wetu wa miguu, tangu tarehe 1 Julai 2024, zinaruhusu mashindano kuweka mtu mmoja wa zaidi kwa aliyeumia kichwa, na timu ya pili nayo inapata nafasi moja ya zaidi.

Rafiki mmoja wa mwaka wa tano alituambia: "Mukiweka sheria hiyo, kila kalasi itaumia kichwa dakika za mwisho." Hatumwiti mwongo. Tunajuana. Uingereza, mwaka wa 1965, walianza kuruhusu mtu mmoja kuingia mahali pa aliyeumia tu, na miaka miwili nyuma wakaacha kuuliza kama ameumia kweli. Kwa hiyo udanganyifu uwe na bei. Anayetolewa kwa kichwa aende dispensari siku ile ile, na Jumamosi inayofuata asicheze. Kalasi ya pili ipate nafasi moja kama wao. Nani atampoteza mchezaji wake mzuri wa nusu-finali kwa kuiba dakika tano?

Na anayeamua asiwe kapteni, wala mwamuzi mwanafunzi, wala sisi. Sisi tumekwisha kuonyesha namna tunavyoamua. Awe Mama wa dispensari, na siku hayuko, mwalimu wa michezo.

Haya tumeyapeleka kwa Bwana Prefe kwa barua. Nusu-finali ni Jumamosi ya pili kutoka leo. Orodha ya kalasi yetu imekwisha kubandikwa mlangoni, na ndugu yule ameandika jina lake tena, la nne kutoka juu.