Dawa ya Owino Uhuru ianzie kwenye udongo

Desemba 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya iliwarudishia wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, fidia ya shilingi bilioni 1.3 waliyopewa mwaka 2020 na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kabla Mahakama ya Rufani haijaitengua. Kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka kwa betri kuukuu za magari kilifanya kazi mtaani hapo kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyeajiriwa kiwandani humo, alipata habari kwamba mwanawe mchanga ana risasi mwilini. Akaanzisha mapambano yaliyomletea Tuzo ya Goldman mwaka 2015.

Tangu hukumu hiyo, mazungumzo mengi yamekuwa ya fedha. Ni haki yao, na hakuna anayestahili kuwacheleweshea. Lakini hukumu ya 2020 iliagiza pia mazingira ya mtaa huo yasafishwe, na agizo hilo ndilo linalopaswa kupigiwa kelele sasa, kwa sababu risasi haiozi, haiungui ikaisha, wala mvua haiigeuzi kuwa kitu kingine kisicho na madhara. Ni elementi. Itakachobadilisha ni kile ilichoshikana nacho tu.

Na jinsi inavyoshikana ndiyo kiini cha sumu yake. Ioni ya risasi ina jozi ya elektroni ambazo mara nyingi hazishiriki katika kufunga, bali hujitwalia nafasi upande mmoja. Atomu jirani zikabaki zimesongamana upande wa pili. Umbo hilo la kuegemea linaonekana katika fuwele nyingi za misombo yake zilizopigwa eksirei. Sasa kuna kimeng'enya kiitwacho ALAD, kinachosaidia mwili kutengeneza hemu, kiungo kinachoipa damu wekundu wake na uwezo wa kubeba oksijeni. Ndani yake kuna zinki iliyoshikwa na atomu tatu za salfa. Risasi hushikana na salfa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo huing'oa zinki na kukikalia kiti chake. Picha za eksirei zimeionyesha ikiwa imekaa hapo hapo, imeshikwa na salfa zile zile. Kazi ya zinki haiiwezi. Mtoto hupungukiwa damu, na wakati huo huo ubongo wake unaokua unapata madhara yasiyorekebishika.

Katika mifupa hali ni tofauti kidogo. Mfupa umejengwa kwa fuwele za kalsiamu na fosfeti, na risasi huweza kuingia mahali pa kalsiamu ikatulia humo kwa miongo. Mama anaponyonyesha, mifupa yake hutoa kalsiamu, na risasi hutoka pamoja nayo.

Hospitali zina dawa. EDTA na suksima ni molekuli zenye ncha kadhaa zinazoishika ioni ya risasi kwa pamoja na kuitoa kupitia mkojo. Hata hivyo, jimbo la Zamfara nchini Nigeria lilionyesha mpaka wa dawa hizo. Mwaka 2010, uchimbaji wa dhahabu yenye risasi uliua watoto zaidi ya 400 huko. Madaktari Wasio na Mipaka walishikilia kwamba makazi yasafishwe kwanza ndipo watoto watibiwe, maana mtoto anayerudi kuchezea vumbi lile lile hurudishiwa sumu ile ile. Utaratibu huo ulikuwa sahihi Zamfara, na ni sahihi Mombasa.

Kusafisha kuna njia zaidi ya moja. Kuchimba udongo na kuuhamisha ni njia ya uhakika, ila ni ghali, na lazima kuwe na mahali salama pa kuupeleka. Mwaka 2011, katika kitongoji cha South Prescott mjini Oakland, Marekani, mifupa ya samaki iliyosagwa ilichanganywa na udongo wa nyua za watu. Fosfeti ya mifupa ilifungana na risasi na kuunda piromofaiti, madini ambayo hayayeyuki kwa urahisi hata tumboni. Fuwele zake zimejengwa kwa mpango ule ule wa fuwele za mfupa, risasi ikiwa imechukua nafasi ya kalsiamu. Tabia inayoifanya risasi ijifiche mwilini ndiyo inayoweza kuifungia ardhini.

Afrika Mashariki haikosi fosfeti. Mgongo wazi wa Kisumu na mapanki ya Mwanza, yaani mabaki ya samaki waliotolewa minofu, huacha mifupa mingi, na karibu na Ziwa Manyara kuna fosfeti ya Minjingu. Hiyo ya Minjingu inajulikana kuwa na urani, kwa hiyo ipimwe kabla mtu hajaimwaga uani kwa watoto. Tena risasi iliyofungwa bado ipo: udongo wake unahitaji kufunikwa na kupimwa kila baada ya muda, na penye sumu nyingi mno, kuchimba hakukwepeki.

Kazi hii wanakemia wa vyuo vikuu vya Pwani wanaimudu, wakipewa fedha na idhini. Sampuli zichukuliwe nyumba kwa nyumba, risasi ipimwe kabla na baada ya mifupa kuchanganywa, na majibu yabandikwe mtaani kwa Kiswahili, kila mzazi ajue kiasi kilichomo katika uwanja anaochezea mwanawe. Serikali ya kitaifa na ya kaunti zitangaze ni lini sampuli ya kwanza itachukuliwa, na ni nani atakayeichukua.