Barafu ya Rwenzori inaisha, na mto wa mpakani hauna mwenyewe

Mwambie mama anayeuza chumvi ya Katwe hapa Mpondwe kwamba barafu ya Antaktika inayeyuka na bahari inapanda. Atakuuliza kwa adabu kama unanunua chumvi au unapita tu. Ana haki. Bahari iko mbali, na Antaktika haijawahi kumletea mteja hata mmoja.

Hata hivyo, ndoo ya plastiki anayopimia chumvi, betri ya redio yake na mafuta ya lori linalomletea mzigo vilipita bandarini kwanza, Mombasa au Dar es Salaam. Jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa linasema kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari duniani ilipanda kwa takriban sentimita 20, na kasi inaongezeka. Barafu yote ya Greenland ikiyeyuka, bahari itapanda kwa mita 7 hivi. Hilo litachukua karne nyingi, lakini Mombasa ni kisiwa, na tayari Kenya imelazimika kujenga ukuta wa kuizuia bahari isiendelee kuula mwamba uliobeba Fort Jesus. Bandari ikitaabika, gharama inapanda lori pamoja na mzigo na kushuka nao Mpondwe.

Lakini mimi leo nataka tuzungumzie barafu tunayoiona kwa macho yetu, mawingu yakifunguka asubuhi.

Mwaka 1906 Mwitalia mmoja, Mtawala wa Abruzzi, alipanda Rwenzori na msafara wake na kuichora ramani milima hiyo hadi kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Wakati huo barafu ilienea zaidi ya kilomita 6 za mraba. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, na tangu hapo imezidi kupungua. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya mwisho ya Afrika, pamoja na ile ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, huenda ikatoweka kabla ya 2050. Kwa Wakonzo wa upande huu na ndugu zao Wanande wa upande wa Beni na Butembo, hili si jambo la mandhari tu. Barafu wanaiita nzururu, na jina Rwenzururu limetoka humo. Mlima ukibaki mwamba mtupu, jina litakuwa la kitu ambacho wajukuu hawajakiona.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu kuna hadithi inayosimuliwa sokoni na hata na wanasiasa: kwamba mafuriko yetu yanatoka kwenye barafu inayoyeyuka. Si kweli, au ni kweli kidogo sana. Waliopima mito wakagundua kwamba maji ya barafu hayafiki hata asilimia 2 ya maji yanayoshuka hadi chini ya mlima. Kinachotuzamisha ni mvua kubwa inayonyesha kwa saa chache juu ya miteremko iliyovuliwa nguo. Joto linalokula barafu ndilo hilo hilo linaloifanya hewa ibebe maji mengi zaidi na kuyamwaga kwa mkupuo. Kwa hiyo barafu ni kama kipimo cha homa. Kipimo hakileti ugonjwa, ila mgonjwa anayekitupa kwa kuwa kinasoma juu anajidanganya.

Tazama mto Nyamwamba. Mwaka 2012 moto uliunguza uoto wa juu kwenye bonde lake. Tarehe 1 Mei 2013 mvua ikanyesha, udongo na mawe vikashuka, Kilembe na sehemu za mji wa Kasese zikapigwa. Mei 2020 mto huo ulirudi na kuharibu hospitali ya Kilembe hadi wagonjwa wakahamishwa. Siku hizo hizo mito mingine ya Kasese ilivunja kingo, ukiwemo Lhubiriha, huu wetu wa mpakani.

Nyamwamba angalau una mwenyewe. Ukifurika, mkuu wa wilaya anaulizwa, waziri anakuja na helikopta, picha zinapigwa. Lhubiriha ukifurika, ukingo mmoja ni wa Uganda na mwingine ni wa Kongo, na maji yenyewe si ya mtu. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinalinda ukingo kwa mita 30 kwa mito midogo, na mita 100 kwa mito iliyoorodheshwa. Sawa, ingawa ni wangapi wanaziheshimu? Na hata zingeheshimiwa, zinaishia katikati ya maji. Mwenzako wa Kasindi akilima mpaka mto unapoanza, udongo wake utajaza mto ule ule unaotishia kibanda chako, na wewe ukilima atapata wake.

Tunajua kwamba serikali hizi mbili zinaweza kufanya kazi pamoja zikitaka. Juni 2021 marais Museveni na Tshisekedi walikutana hapa mpakani kuzindua barabara ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80, na nyingine za kwenda Butembo na Goma. Mwaka 2022 Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tumeahidiwa soko bora, forodha ya haraka, ushuru mwepesi. Vyote vizuri. Lakini barabara, forodha na soko vyote vinategemea mto mmoja utulie.

Nasikia jibu tayari: Kongo ina vita, nani atajali mto? Nakubali kwamba usalama unatangulia. Ila ninachokiomba hakihitaji mkutano wa marais. Kinahitaji vipimo vya mvua huko juu na mtu wa kuvisoma kila siku, kisha ujumbe kwenda kwenye redio za Bwera na za upande wa pili, kwa Lukonzo na Kiswahili, saa chache kabla maji hayajafika. Saa tatu zinatosha kumtoa mama na magunia yake ya samaki wakavu. Anayelala na mzigo wake kibandani hahitaji hotuba kuhusu tabianchi, anahitaji kuambiwa ahame usiku huu.

Fedha? Wafanyabiashara wa Mpondwe wanalipa ushuru wa soko kila wanapotandaza bidhaa. Sehemu yake ipelekwe mtoni: mianzi na miti ya kushika kingo, kuchimbua mchanga uliojaa, na kuwakataza wanaojenga vibanda penye njia ya maji, hata kama ni jamaa wa diwani. Kasindi nao wafanye hivyo kwa utaratibu wao, na hesabu za pande zote mbili zibandikwe sokoni ambapo kila mtu anazisoma.

Vyama vya wafanyabiashara ndivyo vya kuanza, maana vinajuana kuvuka mto kuliko ofisi zinavyojuana. Mvua kubwa huja Machi hadi Mei, kisha tena kuanzia Agosti hadi Novemba. Viongozi wa vyama vya pande zote mbili wakae meza moja kabla ya msimu ujao, wawaite maofisa wa mazingira wa nchi zote mbili, na swali la kwanza liwe: nani atatupigia simu mto ukianza kupanda usiku?