Muulize Mzee Habari za Mizani

Je, umewahi kuhudhuria mkutano uliovunjika kwa ugomvi? Mimi nimehudhuria. Ulikuwa mkutano wa wakulima wa pamba katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Magu, karibu na ziwa. Chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, kiliomba makato kidogo kwa kila kilo ya pamba. Fedha hizo zingenunua mizani mpya. Vijana walikubali. Wazee walikataa. Kijana mmoja akasema, "Wazee hawa hawapendi maendeleo." Wazee wakaondoka. Mkutano ukaishia hapo.

Jioni tulikutana darasani. Yule kijana alikuwepo. Nilimwuliza mzee mmoja, "Shikamoo mzee. Kwa nini mmekataa?"

"Marahaba, mwanangu," alijibu. "Nilipokuwa mtoto nilimsindikiza baba kuuza pamba. Njiani mzigo ulikuwa mzito. Ulipofika kwenye mizani ya mnunuzi, ukawa mwepesi. Baba hakujua kusoma. Alipokea alichopewa."

Mama mmoja mzee akasema, "Mnunuzi yule aliondoka, ushirika ukaja. Tulifurahi. Baadaye karani akawa anakata fedha. Hatukuambiwa ni za nini. Karatasi tulipewa, lakini nani angeisoma?"

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mama, mkionyeshwa hesabu mtakubali?"

"Kwanza tuione," mama alijibu.

Ndugu msomaji, wazee hao walikuwa wakieleza historia ya nchi yetu. Wakati wa utawala wa Waingereza, pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara binafsi. Wengi wao walikuwa Wahindi. Wakulima walilalamikia mizani. Katika miaka ya 1950 walijiunga pamoja. Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wao. Waliweka wapimaji wao wenyewe, ili mkulima ajue uzito wa pamba yake kabla ya kuiuza. Mwaka 1955 vyama vyao viliunda shirikisho kubwa lililoitwa Victoria, lenye makao yake Mwanza.

Lakini ushirika nao ulipata matatizo. Mwaka 1966 kamati ya serikali ilichunguza vyama vya ushirika nchini. Iliona kwamba wanachama wengi hawakuelewa mambo ya chama chao. Iliona pia kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa tena. Miaka ya karibuni serikali imeagiza pamba iuzwe kupitia AMCOS.

Basi mzee wa miaka themanini ameona ushirika ukizaliwa, ukivunjwa na kurudishwa. Akisita, ana sababu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Wako watu wasemao kwamba kuuliza mambo ya zamani ni kufukua makaburi, na kwamba kunaleta chuki. Mimi sikubali. Kama tungemsikiliza mzee peke yake, labda tungewachukia Wahindi. Lakini mama alitukumbusha kwamba karani wa ushirika alikuwa ndugu yetu. Tukaona kwamba mtu wa kabila lolote anaweza kukupunja, ikiwa wewe huwezi kusoma mizani wala karatasi yake. Kwa hiyo usimwulize mzee mmoja tu. Waulize wawili au watatu. Waulize na akina mama. Andika majibu yao katika daftari, pamoja na mwaka. Wakipishana, uliza tena.

Mkutano wa pili haukuvunjika. Yule kijana aliwaomba wazee radhi. Kisha wanachama walipatana mambo mawili. Kwanza, makato yote yaandikwe ubaoni na kusomwa kwa sauti. Pili, wanakisomo wawili wakague mizani kila asubuhi ya siku ya kununua, kwa kupima mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Wazee wachache bado walikataa, lakini walikaa mpaka mwisho.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Baba wa yule mzee hakupata nafasi hiyo. Ukikuta ugomvi kijijini kwako, wa pamba, wa ardhi au wa samaki, usianze kwa kumlaumu mwenzako. Kaa naye, umwulize: jambo hili lilianza lini, nasi tulifanya nini?

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini wazee walikataa makato?
2. Wakulima wa miaka ya 1950 walifanya nini kuhusu mizani?
3. Kijijini kwenu kuna ugomvi gani wa siku nyingi? Ni nani anayejua ulivyoanza?