Kimondo hakisukumwi siku ya mwisho

Na Zuhura Mwinyimkuu

Waliofika Mbozi, mkoani Songwe, wamelipapasa lile pande la chuma lililotoka angani, lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 12 hivi. Ukiliegemea, swali huja lenyewe: likija kubwa zaidi ya hili, nani atalizuia?

Jibu tulilipata saa 8:14 usiku wa kuamkia 27 Septemba 2022, kwa saa zetu. Chombo cha NASA kiitwacho DART, kilo zipatazo 570, kiliigonga kwa makusudi asteroidi Dimorphos, yenye upana wa mita 160 hivi, kilomita milioni 11 kutoka hapa. Picha zake nimezitazama mara nyingi. Kwanza nukta ya mwanga, halafu kitu kama yai la kijivu, halafu mawe matupu yamejaa kioo kizima. Picha ya mwisho imekatika kabla haijakamilika kufika.

Dimorphos huizunguka asteroidi kubwa, Didymos. Ilikuwa ikitumia saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa, zikapungua zaidi ya dakika 30. NASA ilijiwekea lengo la sekunde 73 tu.

Hata hivyo, mwendo wenyewe ulibadilika kwa milimita 2.7 hivi kwa sekunde. Konokono! Kwa siku moja ni mita 230. Mpe konokono huyo miaka mingi ya kutosha, jiwe litapita kando ya dunia. Mpe wiki moja, hakuna atakachofanya. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaoanza na bomu la nyuklia. Cha kwanza ni jicho.

Kule Chelyabinsk, Urusi, 15 Februari 2013, jiwe la mita 20 hivi lilitokea upande wa jua na hakuna aliyeliona likija. Watu walikimbilia madirishani kutazama mwanga. Kishindo kikafuata, vioo vikawapasukia usoni. Zaidi ya watu 1,000 walijeruhiwa.

Darubini ya NEO Surveyor, itakayoyasaka mawe haya kwa joto lake, iliwahi kucheleweshwa kwa sababu ya bajeti. Huo ni uzembe, na usirudiwe.

Ijumaa, 13 Aprili 2029, asteroidi Apophis itapita kilomita 32,000 hivi kutoka ardhini. Haitatugonga, na Afrika ni kati ya sehemu zitakazoiona kwa macho. Mawingu ya masika yakituruhusu, toka nje na watoto, uwaonyeshe.