Volti 12 Hazina Kosa

Wanaoandika kwamba Volkswagen Beetle ya volti 6 ikiwekewa umeme wa volti 12 lazima isumbue kuwaka, wanailaumu betri bure. Kweli, gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962 likiwa na volti 6. Lakini kiwanda chenyewe kilianza kuhamia volti 12 miaka ya 1960!

Kosa ni la aliyebadilisha betri na dinamo akaiacha koili ya zamani. Mkondo unakaribia maradufu, koili inachemka, platini zinaungua, gari linazima njiani.

Fundi aanzie kwenye koili. Kisha apime volti kati ya injini na hasi ya betri starta ikizunguka. Zikizidi nusu volti, akwangue kutu kwenye ncha za waya wa hasi mpaka chuma king'ae.

Kurudi volti 6 ni kumrudishia dereva taa hafifu usiku barabarani.