Ruhusa ya Mtumishi



Wapenzi wasomaji, iko filamu ya mwaka 1993 iitwayo The Remains of the Day, inayosimulia maisha ya watumishi katika jumba la bwana mmoja wa Uingereza kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Mkuu wa watumishi wa jumba hilo ni Stevens, na baba yake mzazi ni mtumishi humo humo. Siku moja, wageni wakubwa wakiwa wamekusanyika, mzee yule anafariki katika chumba chake. Mwana anapelekewa habari na kuombwa aende kumwona. Anajibu kwamba kwa sasa ana shughuli, huenda baadaye kidogo. Kisha anaendelea kuwahudumia wageni.

Mtazamaji aweza kumsifu kwa uaminifu wake. Lakini tutazame upande wa pili. Bwana wake hakumkataza kwenda. Ila hakuwapo hata mmoja mwenye amri aliyemwambia, “Nenda kwa baba yako.” Katika jumba lile haikuwa desturi kumfikiria mtumishi kuwa naye ni mtoto wa mtu.

Desturi hiyo ilivuka bahari ikafika kwetu. Mashamba makubwa ya chai yalipoanzishwa Kericho katika miaka ya 1920, mameneja wa Kizungu walijengewa nyumba zenye bustani, na ndani yake wakawekwa wapishi, mayaya na wanaume wazima walioitwa “boi”. Sheria ya kipande ya mwaka 1915 ilikuwa imekwisha kutungwa. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuchukua karatasi hiyo, ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, na mwajiri ndiye aliyeandika humo kwamba ameondoka kazini kwa idhini. Aliyeondoka bila ya maandishi hayo aliweza kushitakiwa. Basi kuingia kazini kulikuwa kwa mtumishi, na kutoka kulikuwa kwa bwana.

Tusidhani hayo yamekwisha na ukoloni. Miezi michache iliyopita nililetewa shauri la nyumba moja ya hapa pwani. Mtumishi alikuwa msichana kutoka Soin, nchi ya chini ya Kericho, mahali pa joto na miwa, ambako watu hupanda milimani kutafuta kazi ya kuchuma chai. Mashine za kuchumia zimepunguza kazi hiyo, na mwezi Mei 2023 hasira za watu zilizidi hata baadhi ya mashine zikachomwa moto. Msichana huyu akateremka Mombasa.

Siku chache kabla ya Idi akaletewa habari kwamba mama yake ni mgonjwa. Bibi mwenye nyumba akamwambia asubiri wageni waondoke. Kitambulisho chake kilikuwa kabatini mwa bibi huyo, na mshahara wa miezi miwili alikuwa “amewekewa”. Alipofika Soin, mama alikwisha zikwa.

Bibi yule si mtu mwovu. Alilia mbele yangu akasema, “Sheikh, mimi humhesabu kama binti yangu.” Nikamwuliza, “Mama, binti yako ungemzuilia maziko yako?” Mshahara ulilipwa usiku ule ule. Msichana hakudai zaidi ya kitambulisho chake.

Asitokee wa kusema kwamba huyo si wa dini yetu. Haki ya mwajiriwa haigawanywi kwa dini. Mtume, rehema na amani zimshukie, amewataja watumishi kuwa ni ndugu zetu waliowekwa chini ya mikono yetu, akatuamrisha tuwalishe tunachokula na tusiwatwike wasichokiweza. Na Nabii Musa alipoajiriwa Madyan, muda ulitajwa kabla ya kazi kuanza, na mwajiri wake akatamka kwamba hataki kumtia katika mashaka. Alipoutimiza akaondoka na jamaa yake, wala hakuzuiliwa.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kila baada ya miezi 12. Kazi ya miezi mitatu au zaidi huandikiwa mkataba. Mtumishi wa jikoni hakutolewa katika hukumu hiyo.

Kwa hiyo nawausia mambo manne. Andikeni mapatano kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Kitambulisho kikae kwa mwenyewe. Mshahara ulipwe mwezi unapokwisha, wala usifanywe amana isiyoombwa. Na tangu mwanzo tengeni nauli ya kwenda na kurudi kwao, kwa kuwa kutoka pwani hadi Kericho si safari ya jioni moja, na mauti hayangoji wageni waondoke.

Leo, kabla ya kulala, mwulizeni aliye jikoni kwenu wazazi wake wahali gani. Akisema ni wagonjwa, msimngoje yeye aombe ruhusa.

Wabillahi tawfiq.