Kipimo cha vinasaba kisiuzwe kama uthibitisho wa seliaki

Kipimo cha vinasaba kinapaswa kutumika kuondoa shaka ya ugonjwa wa seliaki, si kuuzwa kwa umma kana kwamba kinauthibitisha.

Ugonjwa huu hufanya kinga ya mwili ishambulie utumbo mdogo kila mgonjwa anapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri. Karibu wagonjwa wote wana vinasaba vya HLA-DQ2 au HLA-DQ8. Lakini barani Ulaya takriban mtu 1 kati ya 3 anavyo, huku wanaougua wakiwa karibu 1 kwa kila 100. Anayetema mate kwenye kichupa, akayatuma maabara na kujibiwa kuwa anavyo, bado hajaambiwa kuwa anaumwa.

Hatari iko hapo. Akiacha mkate na chapati kwa hofu, miezi kadhaa baadaye kipimo cha damu kinachosaka kingamwili huweza kuonyesha yu salama ilhali anaumwa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 ulikataza kipimo cha vinasaba kutumiwa katika uchunguzi wa awali nje ya huduma za mabingwa. Ulikuwa sahihi.

Panapostahili, faida yake ni kubwa. Aliyekwisha kuacha ngano kitambo, akikutwa hana vinasaba hivyo, shaka ya seliaki huondolewa karibu kabisa bila kumlazimisha ale tena kinachomtesa.

Wenye dhamana ya kusimamia vipimo wawabane wauzaji sasa: kila jibu liambatane na maelezo hayo, na mteja aelekezwe kwa daktari kabla hajabadili mlo.